Siku Nilipomvunja Shirley Shingo Uwanjani

Saa tano asubuhi, kikapu kikiwa mgongoni, nilisikia kwamba binti yangu amekufa.

Aliyeniambia ni Nyakerario, tunayechuma naye majani chai. Alikuwa mstari wa chini yangu.

"Mama Shirley, ni kweli gari imepinduka Mogogosiek na wako ako ndani?"

"Nani amesema?"

"Watu wa huko chini. Wanasema ni damu tupu. Ati watatu wameenda."

Nikamwambia aache umbea. Nikaendelea kuchuma.

Lakini maneno hayo yalikataa kutoka kichwani. Nikajikuta nachuma majani magumu, hata mbuzi hangeyala.

Shirley ana miaka kumi na tisa. Alipata leseni mwezi uliopita, na tangu hapo mimi hulala jicho moja.

Nikapiga simu yake. Imezimwa.

Basi. Kikapu nikakitupa na majani yote ya asubuhi. Nikakimbia barabarani na gambuti zangu na aproni ya mpira, nikamkuta Sagini wa boda.

"Mama, shika helmeti kwanza."

"Helmeti ya nini na mtoto anakufa? Endesha!"

Kwenye kona ya daraja kulikuwa na lori la majani chai linajikokota mbele yetu.

"Pita!"

"Mama Shirley, sioni mbele."

"Mungu anaona!"

Maskini Sagini akapita. Mbele kukatokea gari la maziwa. Tulipenya katikati, sijui vipi. Kipande cha aproni yangu kilienda na kioo cha lile gari.

Kufika Mogogosiek, uwanjani watu walikuwa wamejaa, wengi vijana wa boda na madereva wa kanta, yale malori madogo. Katikati, gari limebondeka. Ndani yake Shirley wangu, kichwa kwenye usukani, damu mpaka kifuani.

Watu wamesimama tu wanamwangalia! Nikaona hawa ni wanyama.

Niliruka kamba iliyozungushiwa gari. Mwanaume mmoja wa jaketi ya kung'aa akanizuia, nikampa kiwiko. Nikamshika mtoto kwapani nikavuta na nguvu zote za miaka ishirini ya kuchuma chai. Akatoka. Kichwa kikining'inia huku na huku kama cha kuku.

Halafu maiti ikaninong'oneza.

"Mathe, niachilie. Unanifinya."

Nikamwangusha.

Yule wa jaketi, anaitwa Thuo, ndiye mwalimu wa kuokoa watu wa ajali. Akachukua kipaza sauti, mkono mwingine ukishika mbavu.

"Vijana, mmeona? Huyu dada alikuwa hai. Tulikuwa tunawaonyesha vile shingo inashikwa isitingike kabla mtu hajatolewa. Sasa amevunjwa shingo na mtu anayempenda."

Uwanja mzima ukaangua kicheko.

"Mathe, wewe ni tingatinga!" mmoja akapaza sauti.

Damu? Bitiruti. Zile bitiruti zangu zilizopotea jikoni, nikamlaumu jirani.

"Mama," Shirley akasema, "si nilikuambia asubuhi leo nitaigiza majeruhi kwa gari ya ajali?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Aliniambia nikivaa gambuti. Nikajibu "ee" bila kusikiliza. Tena nikafika shambani nikamwambia Chepngeno, mstari wa juu kabisa, "Shirley leo ako Mogogosiek, mambo ya gari ya ajali."

Maneno yangu mwenyewe! Yalizunguka shamba mstari kwa mstari, yakanirudia kutoka chini yakiwa yameshaua watatu.

Nikaanza kucheka pamoja nao. Lakini Shirley hakucheka. Alikuwa ameshika aproni yangu pale ilipopasuka, na Sagini anamweleza ya kona ya daraja. Machozi yakamtoka, yakichora mistari kwenye bitiruti.

Thuo akaweka kipaza sauti chini. Akaniambia polepole, mimi peke yangu:

"Mama, hapa hakuna mtu alikuwa anakufa leo. Ni wewe tu, njiani."

Kwa hivyo wazazi wenzangu, na nyinyi vijana wa boda:

Usipande boda bila helmeti, hata ukiambiwa nyumba inaungua.

Usimlazimishe dereva kupita kwenye kona. Na wewe dereva, usikubali, hata akiwa ni mama yako.

Usimvute mtu wa ajali mkono wala kwapa. Kama gari haliwaki moto, shika kichwa chake kitulie, ita usaidizi.

Usisambaze habari ya kifo ambacho hujakiona.

Na mtoto akikuambia anaenda wapi, usijibu "ee" ukivaa gambuti.