Mpishi wa Kantini Aliyekataa Kupekuliwa

Jua limeshapanda juu ya kambi ya jeshi, nje kidogo ya mji wa Zanzibar, na Bi Shemsa Mkadam bado hajapata pa kukaa. Anakoroga uji kwa upawa mrefu, macho mekundu kwa moshi. Wanajeshi wamejipanga na vikombe vya bati.

"Shikamoo, Bi Shemsa."

"Marahaba. Lete kikombe, usinisimamie motoni."

Anapika katika kantini hii tangu mwaka 1965, alipofiwa na mumewe akabaki na watoto wanne. Kwa miaka yote hiyo, kila jioni alipotoka, mlinzi wa getini alimpekua kikapu mbele za watu.

"Nilikuwa nakifunua mwenyewe kabla sijaambiwa," anasema. "Ndani mna kanga yangu ya kubadili tu, inanuka moshi."

Mwaka jana, 1971, mchele ulipoadimika kisiwani, gunia moja lilipotea katika bohari ya kambi. Bi Shemsa akaambiwa abaki nyumbani. Huko mtaa wa Ng'ambo anakoishi, kina mama aliokuwa akisimama nao foleni ya mchele wakaacha kumwitikia salamu.

"Wanangu wanakula muhogo mkavu, na watu wanasema nimeficha gunia," anasema kwa sauti ya chini. "Hilo lilinichosha kuliko moto."

Baada ya wiki kadhaa, gunia lilikutwa nyumbani kwa mtunza bohari. Koplo Silima akatumwa kwenda kumwita Bi Shemsa.

"Bi Shemsa, rudi kazini. Wakubwa wanasema hakuna neno."

"Kwao hakuna. Kwangu lipo. Kikapu changu kikipekuliwa tena, mtapika wenyewe."

Silima akarudi kambini kuwaambia. Kesho yake akaja tena: wakubwa wamekubali.

Hakuna aliyemwomba radhi. Mlinzi sasa humsalimia tu, akampisha. Lakini Bi Shemsa anasema kila akifika getini mkono wake bado hukimbilia kifuniko cha kikapu, na huukasirikia mkono huo njia nzima mpaka nyumbani.

Binti yake mkubwa, Tabia, anasomea uuguzi. Akianza kazi, mama anakusudia kuacha jiko na kuhamia kijijini Bwejuu kwa dada yake.

"Sitaki makubwa," anasema, akijifuta jasho kwa ncha ya kanga. "Nataka nikae mkekani, niletewe chakula alichopika mtu mwengine. Nile kingali moto, na asiniite mtu mpaka nishibe."