Chombo Kilichogongewa Muhuri Malaba

Stima ikipotea na nikawasha jenereta ya studio yangu hapa Malaba, ile pumzi ya kwanza ya petroli hunirudisha kwenye kibanda cha video cha Opolot. Studio ni yangu, naomba mlikumbuke hilo. Nimeijenga kwa jasho langu, na diploma yangu ya uhandisi wa sauti inaning'inia ukutani mahali ambapo mgeni hawezi kukaa asiione. Lakini kabla ya diploma kulikuwa na petroli, njugu za kukaanga, na runinga iliyofunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi.

Opolot alivuka mpaka kutoka Tororo, upande wa Uganda, kila Jumamosi mchana na mkoba wa diski. Kazi yake ilikuwa kutafsiri filamu. Alikaa kando ya runinga na kipaza sauti, akayafunika maneno ya kigeni kwa Kiswahili chake kilichojaa Kiganda. Madereva wa malori walifuata filamu za ngumi. Sisi watoto tulifuata katuni moja tu: vijana wanne wenye nywele za rangi ya parachichi, wanamuziki wasiojulikana na mtu, wakisafiri baina ya nyota kutafuta jukwaa kubwa lililokuwa kwenye mwezi wa mbali. Chombo chao hakikunywa mafuta, kilikunywa muziki. Wakipiga kwa pamoja, kinapaa, wakigombana, kinaporomoka.

Na kabla ya kila sayari, chombo kilipanga foleni.

"Banange, ona hiyo laini!" Opolot aliguta. "Wamelala hapo tangu juzi. Afisa wa forodha anakunywa chai. Karatasi haijagongwa muhuri!"

Hatukushangaa hata kidogo. Nje ya kibanda malori yalikuwa yamejipanga kutoka mpakani hadi Amagoro. Kwa nini angani kuwe tofauti? Nilikua nikiamini kwa dhati kwamba hata nyota zina mpaka, mpaka una afisa, na afisa ana chai.

Babu yangu alikuwa na akogo, kile kisanduku cha Kiteso chenye ndimi za chuma zinazopigwa kwa vidole gumba. Kila mpiga akogo niliyemjua alikuwa mwanamume, na Babu alikwisha kusema kwamba yake itamwendea mjukuu wa kiume. "Kidole cha msichana ni cha kupalilia," alisema. Basi alipopeleka ng'ombe malishoni, mimi niliichukua nikajifunza wimbo wa wale vijana wanne mpaka vidole vikaota sugu. Jumamosi niliificha ndani ya sweta, nikaketi nyuma kibandani na kuufuata wimbo taratibu, nikidhani hakuna anayesikia.

Siku ya sehemu ya mwisho kibanda kilifurika. Chombo kilikuwa kimeukaribia ule mwezi, injini imezima. Vijana wakainua ala zao, wakapiga. Kimya. Vidole vinakimbia, midomo iko wazi, sauti hakuna.

"Boss, ni nini sasa?" dereva mmoja akafoka. "Tumekuja kuangalia bubu?"

Opolot akaipiga spika kofi, akavuta waya huu, akasukuma ule. "Spika imekufa, jamani." Kisha akanikazia macho. "Wewe wa sweta. Hiyo chuma unaficha ni ya kufunga mlango? Kila wiki nasikia unaparuza huko nyuma. Kuja!"

Nilisimama, na hapo nikamwona Babu mlangoni. Alikuwa ameifuata akogo yake. Nikipiga vibaya, sitaigusa tena maisha yangu. Nikiketi, wale wanne watabaki wakining'inia angani, maana Opolot angerudi Tororo na diski zake.

"Na huyu ametoka ndani ya TV?" dereva akauliza, watu wakacheka.

Nikapiga. Noti za kwanza zilitoka zikikwaruzana. Opolot aliinamisha kipaza sauti kwenye akogo, wala hatukujiuliza kinatumia spika gani, akatangaza kwa koo tupu: "Chombo kimetingisika! Kimeinuka! Afisa ameweka kikombe chini, anatafuta muhuri!" Kibanda kizima kikaanza kupiga makofi. Katikati nikapoteza mapigo, na kutoka mlangoni yakaja makofi mazito, ya mtu anayejua, yakanirudisha njiani. Yalikuwa ya Babu.

"Amegonga!" Opolot akanguruma. "Wamepita! Wamepita, jamani!" Madereva waliruka mpaka benchi ikavunjika. Opolot akazima runinga papo hapo.

Nyumbani Babu aliichukua akogo, akaifuta vumbi, akaipaka mafuta, akanirudishia. "Kidole gumba cha kushoto kinachelewa," akasema. Tangu hapo ikawa yangu.

Miaka ilipita, nikasoma Nairobi, nikafanya kazi Dubai. Huko nikaipata ile katuni katika lugha yake. Hakukuwa na foleni, wala afisa, wala chai. Nilipofika sehemu ya mwisho, kimya kikaja vilevile, na safari hii spika zilikuwa zangu, za bei kali, nzima kabisa. Kimya kiliwekwa na waliotengeneza katuni. Vijana wanapiga, sauti haitoki, chombo kinageuka kurudi kwao. Basi, imeisha.

Niliporudi nilimtafuta Opolot, sasa mwenye ndevu nyeupe, nikamweleza nilichokiona. Akacheka mpaka akakohoa.

"Dada, mimi kila diski nilikuwa naangalia kwanza nyumbani. Sasa ningeambia watoto wa Malaba aje, ati hao wamerudishwa border?"

Mimi husema nimejitengeneza mwenyewe, na nitaendelea kusema, kwa sauti. Lakini sasa najua kwamba siku ile sikuokoa spika yoyote. Mtu mzima alikataa mwisho aliopewa, akaniita nipige mwingine.

Leo studio yangu inatengeneza muziki wa katuni yetu wenyewe, ya wanamuziki wadogo wa angani, na injini ya chombo chao ni akogo ya Babu. Wiki hii tunarekodi sehemu ya mwisho. Afisa wa forodha ni sauti ya Opolot. Muhuri ataugonga, ila amekataa katakata kuugonga kabla ya kumaliza chai.