Kampuni Isiyo na Dada

Kwa miaka ishirini na sita Uaisele Tu'ifua alitengeneza mashine za kukatia nyasi katika kijiji cha Leimatu'a, kisiwani Vavaʻu, nchini Tonga, na katika muda huo wote hakuwahi kuletewa mashine iliyokataa kufunguliwa. Aliamini kwamba chochote kilichoundwa na mikono ya mtu kina mahali pa kutia bisibisi. Mashine ikigoma, aliilaza ubavu, akaisikiliza, akaondoa plagi na kuinusa, na kwa kawaida ugonjwa ulijitaja wenyewe kabla ya chai ya saa nne. Kisha aliandika daftarini: jina la mwenye mashine, tarehe, ubovu, dawa. Ni kwa daftari hilo tunajua kwamba mambo yalianza Jumanne tarehe tatu Juni. Mkewe, Vaimoana, hushikilia kuwa ilikuwa Jumatano, kwa kuwa alikuwa akifunga nyama ya kopo katika majani ya majimbi, jambo ambalo hafanyi Jumanne. Lakini daftari liliandikwa siku ile ile, na kumbukumbu ya mapishi huhama.

Siku hiyo Uaisele alikuwa akitafuta kwenye simu picha ya kabureta aliyoipiga asubuhi, ili akumbuke waya upi ulikaa wapi. Badala ya kabureta alikuta picha ya barua. Ilikuwa na nembo ya hospitali ya Nuku'alofa, mji mkuu, na jina juu yake lilikuwa Kalolaine Tu'ifua.

Kalolaine ni dada yake, mkubwa kwake kwa miaka sita, mjane, anayeishi nyumba ya tatu kutoka karakana. Uaisele aliigeuza simu kifudifudi juu ya meza ya kazi, haraka, kama mtu aliyefungua mlango usio wake. Tangu alipobaleghe hakuwahi kuingia chumba alalacho dada yake, hakuwahi kufanya mzaha mbele yake, wala kubaki chumbani pale filamu ilipofika mahali pa watu kubusiana. Ndivyo kaka alivyo kwa dada, na Uaisele hakuhitaji kukumbushwa na mtu.

Lakini macho husoma kabla ya adabu kuyakataza. Alikwisha kuona neno "titi", na neno "upasuaji", na tarehe kumi na nane Juni.

Aliketi juu ya tangi la petroli na kujaribu kuelewa. Ni nani aliyemtumia barua ile? Hakuna aliyeituma. Haikuja kama ujumbe, haikulia. Ilikuwa imekaa tu katikati ya picha zake, baina ya kabureta na mguu wa nguruwe, kana kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeipiga. Alipofungua mahali pa kutafutia mambo ili auulize mtandao jambo hili hutokeaje, simu ilimwonyesha orodha ya yale "aliyoyatafuta" karibuni. La kwanza lilikuwa bei ya bledi za inchi kumi na nane. La pili: *uvimbe ukisubiri mwezi mmoja una hatari gani*. La tatu: *namna ya kumwandikia daktari kuahirisha*.

Hapo alielewa jambo moja, na jambo hilo likayafanya mengine kuwa magumu zaidi. Jumamosi tarehe ishirini na moja Juni, siku tatu tu baada ya tarehe ya upasuaji, binti yake Luseane angeolewa. Katika arusi ile Kalolaine, kwa kuwa ni shangazi wa bibi arusi, ndiye mkubwa wa shughuli: kiti cha mbele ni chake, nguo bora ya gome ni yake, kipande cha juu cha keki ni chake, na bila yeye kuketi hakuna kinachoanza. Dada yake alikuwa akipanga kuuacha ugonjwa usubiri ili aketi katika kiti kile.

Siku nne alitembea na jambo hili bila kulitua. Kumwambia dada yake kungekuwa kumtamkia mwili wake mwenyewe usoni. Kumwambia Vaimoana akaseme naye kungekuwa vilevile, maana Kalolaine angeuliza, "Umejuaje?" na jibu lingekuwa kaka yake. Kunyamaza nako kulikuwa na tarehe.

Jumamosi mchana alikwenda kwa Feleti, ambako wanaume sita au saba hunywa kava, kinywaji cha mizizi, bandani baada ya kazi za shamba. Feleti huuza vocha za simu na kwa sababu hiyo huhesabiwa kuwa mtaalamu. Pembeni yake aliketi Manase, karani mstaafu wa posta, ambaye hajawahi kuisamehe intaneti. Uaisele alipokea kifuu chake, akanywa, akakirudisha, na kusema kama asemaye habari za hali ya hewa:

"Kuna mtu mmoja, simu yake inaonyesha picha za mtu mwingine."

"Huyo mtu mmoja anakata nyasi?" akauliza Feleti.

"Ni mtu tu."

"Ana karakana lakini."

Wakacheka. Uaisele akangoja wamalize.

"Wanatusikiliza," Feleti akasema. "Hizi kampuni zinasikia kila kitu. Mwezi uliopita nilisema hapa hapa, miguu inaniuma. Kufika nyumbani, simu inaniletea viatu. Sijatafuta kiatu maisha yangu yote."

"Umevaa ndala miaka kumi, hata mbwa wako anajua unahitaji viatu," Manase akasema. "Swali ni moja. Barua tulikuwa tunaifunga kwa gundi. Ukiifungua isiyo yako, unafukuzwa kazi. Sasa hawa, nani anawafukuza?"

"Wenyewe ndio wenye posta."

"Basi ndiyo hiyo."

"Na hizo picha zinakaa wapi?" akauliza mtu aliyekuwa karibu na bakuli.

"Ziko Australia," Feleti akajibu kwa uhakika wa muuza vocha. "Kwenye jumba kubwa, lina baridi kama ghala la samaki. Picha yako na yangu zimelala humo bega kwa bega."

"Mimi kinachoniudhi ni kusasisha," mwingine akaingilia. "Unalala simu yako unaijua, unaamka vitufe vimehama. Fundi gani anaingia nyumbani kwako umelala, anahamisha jiko, halafu anakwambia nimekuboreshea?"

"Na huwezi kumkataa."

"Unaweza kusema 'baadaye'. Hamna kitufe cha 'hapana'."

Ubishi ukanoga. Mmoja akasema kampuni hizo zinaongozwa na watoto waliokosa viboko, mwingine akasema zinaongozwa na mashine na watu wamebaki kulipwa tu, na Manase akasema havina tofauti. Uaisele alisikiliza kwa makini, kwa maana alikuja kutafuta dawa, lakini kila jibu liliongeza ukungu. Ikiwa kampuni inasikiliza, mbona ilimletea ya dada yake na si ya jirani? Ikiwa ni ghala, ni mtunza ghala gani asiyejua kutenganisha mizigo? Alipoaga, Feleti alimpa kifuu cha mwisho na kusema, "Mwambie huyo mtu mmoja azime, halafu awashe."

Alikuwa amekwisha kuzima na kuwasha mara tisa.

Jioni ile, kabla ya chakula, alimpigia mwanawe Penisimani, anayefanya kazi Auckland na ndiye huwatumia simu.

"Baba, ile simu niliyokuletea Krismasi, iko wapi?"

"Anayo shangazi yako."

"Anayo shangazi? Mbona hukuniambia?"

"Aliishika, akasema ni nzuri."

Penisimani hakuhitaji maelezo zaidi, kwani naye ni Mtonga. Dada akisema kitu ni kizuri, kitu hicho kimekwisha kuwa chake, na kaka hufurahi kukitoa pale pale, kikiwa bado na joto la mfuko. Kumwambia angoje kwanza afute vilivyomo kungekuwa kumnyima. Baadaye, alipoambiwa tu kwamba baba yake hana simu, Penisimani alimtumia nyingine, ya bei ya chini, akaingiza akaunti ile ile bila kujua kwamba ile ya kwanza ilikuwa hai nyumba tatu kutoka pale.

"Baba, hakuna mtu anayekuchunguza," akasema. "Ni akaunti moja katika simu mbili. Kampuni inadhani wewe na shangazi ni mtu mmoja."

Uaisele aliihamishia simu sikio la pili.

"Mtu mmoja vipi?"

"Kwao, akaunti moja ni mtu mmoja. Hawana namna nyingine ya kuhesabu."

"Wametengeneza kitu cha dunia nzima, na hakuna hata mmoja wao mwenye dada?"

"Wanao, Baba. Lakini nadhani hawawaogopi."

"Basi tenganisha."

"Naweza, hata sasa hivi. Lakini nikibonyeza, simu ya shangazi itajifunga na kudai neno la siri. Atauliza kwa nini. Na Baba, kuna jingine. Zako pia zinaingia kwake. Kila unachopiga picha anakiona. Unachotafuta pia."

Uaisele aliyapitia kichwani yote aliyopiga tangu Krismasi: kabureta, minyororo, kidonda cha goti lake alichotaka kumwonyesha mwuguzi. Akaona haya upya. Akamwambia mwanawe asibonyeze chochote, akakata simu, na hakula vizuri.

Jumapili haikuwa siku ya kufanya kitu, nayo ikapita kwa nyimbo na viazi vikuu. Ndani ya kanisa aliketi upande wa wanaume na kutazama kofia ya dada yake safu nne mbele. Alijaribu kuyapanga maarifa yake kama apangavyo vipuri juu ya gazeti. Anajua asichopaswa kujua. Amekijua bila kuiba. Aliyemjulisha si mtu, na asiye mtu hawezi kulaumiwa wala kuombwa radhi. Kila alipofika hapo, vipuri vilibaki vingi kuliko mashine.

Jumatatu asubuhi alivaa mkeka wa kiunoni, kama mtu anayekwenda mbele ya wakubwa, akaenda kwa mchungaji, kisha kwa wazee wa bwana arusi, akawaomba arusi isogezwe hadi katikati ya Julai. Alisema nguruwe wake hawajanenepa. Hiyo ilikuwa fedheha aliyoichagua mwenyewe, kwa sababu mwanamume wa Vavaʻu afadhali aambiwe hana akili kuliko kuambiwa hana nguruwe. Luseane alilia. Vaimoana, ambaye ndiye aliyewalisha nguruwe wale, alimtazama mumewe kama amtazamaye mgonjwa wa homa.

"Nguruwe gani?" akauliza. "Hao wa kwetu, au kuna wengine wa siri?"

"Wangoje kidogo."

"Uaisele, yule dume mkubwa hapiti mlangoni."

"Wangoje kidogo," akarudia, kwa kuwa hakuwa na sentensi nyingine.

Saa sita Kalolaine alifika. Hakuingia karakana, alisimama uani, mwavuli mkononi, na Uaisele akatoka akasimama mbele yake, kichwa chini, mafuta hadi viwikoni.

"Nimepita bandani," akasema. "Nguruwe wako wanene kuliko mchungaji."

"Ndiyo, Dada."

"Mialiko imekwenda hadi Sydney. Mikeka yangu imekunjwa. Watu wanasema kaka yangu ni mnyimi."

"Ndiyo, Dada."

"Nani aliyekushauri upuuzi huu?"

"Hakuna, Dada. Nimeona tu ni afadhali tusubiri."

"Umeona."

Uaisele aliona miguu ya dada yake tu, na ncha ya mwavuli ikichimba kishimo kidogo katika mchanga, ikakifukia, ikakichimba tena. Alitaka kusema kwamba alilokusudia ni "nimefikiri". Alihisi kwamba kulisahihisha neno kungelizidisha.

"Hadi Julai," Kalolaine akasema hatimaye. Sauti yake haikuwa na hasira tena, wala haikuwa na kitu kingine ambacho Uaisele angeweza kukipa jina.

"Hadi Julai, Dada. Kiti ni chako. Hakina mwingine."

Akageuka, akaenda zake.

Jioni Uaisele alimkabidhi Vaimoana simu yake na kumwambia aitunze. Akihitajiwa, aitwe kwa sauti. Hakueleza sababu. Vaimoana aliiweka kabatini, juu ya taulo, na kwa wiki nzima alipokea salamu za watu wenye mashine mbovu na kuzipaza dirishani. Siku hizo kaka mtu alijua kidogo kuliko wakati wowote tangu tarehe tatu. Kalolaine alionekana akipita na kurudi, akinunua sabuni, akiwasalimu watu. Kama alimwandikia daktari kuahirisha, au kama aliirarua barua ile, uso wake haukusema. Feleti alimwuliza kama yule mtu mmoja amepona. Alijibu kwamba hajui.

Jumatatu tarehe kumi na sita, Vaimoana alikuja karakana mwenyewe, simu mkononi, uso umekunjamana.

"Nilikuwa natafuta namba ya mchungaji," akasema. "Kuna picha humu. Wewe umepiga picha ya begi?"

"Begi gani?"

Akamwonyesha, na kwa mara hii Uaisele alitazama bila kugeuza macho. Lilikuwa begi la bluu, limefungwa, juu ya mkeka alioujua, wa sebuleni mwa dada yake. Juu ya begi ilikuwapo tiketi ya ndege ya Jumanne asubuhi kwenda Nuku'alofa, imelazwa sawasawa ili maandishi yasomeke. Hapakuwa na kitu kingine katika picha, wala mtu.

"Si langu," akasema.

"Naona si lako. Ni la Kalolaine. Mtu mzima anapiga picha begi ili iweje?"

Uaisele alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja baada ya kingine. Ilikuwa yumkini dada yake amepiga picha ile ili asome saa ya ndege, kama alivyoipiga barua, kwa kuwa macho yake hayaoni herufi ndogo. Ilikuwa yumkini pia kwamba naye ameona, tangu Krismasi, kabureta zikimiminika katika simu yake, na kwamba mjane mwenye akili hahitaji mtoto wa Auckland kumweleza zinatoka wapi. Uaisele alizipima dhana hizo mbili kwa muda mrefu, na hakuna iliyokuwa nzito kuliko mwenzake.

"Sijui," akamwambia mkewe. Kisha akaongeza: "Kesho asubuhi atahitaji mtu wa kumpeleka uwanja wa ndege. Mwambie utaendesha wewe. Usimwulize anakwenda kufanya nini."

"Kwani anakwenda kufanya nini?"

"Hayo atakwambia yeye, akipenda."

Vaimoana alimtazama, akaitazama simu, akamtazama tena.

"Nyinyi wawili," akasema, na akaondoka kwenda kuangalia kama gari lina mafuta.