Meza ya Kukatia

Ajabu ya Mungu! Mwanamke aliyewakatalia walinzi ndiye aliyekuwa akitetemeka asubuhi hiyo.

Pale kwenye karakana ya sare za shule, mtunza stoo walimwita Bi Futi, maana futi ya kupimia haikumtoka shingoni hata akienda msibani. Vitambaa vilikuwa vikipotea hadi bosi akataka kuleta walinzi wa kupekua watu mlangoni. Bi Futi akaruka juu. "Upekue watu wazima? Hapana, bosi! Mtu akikata vibaya anaogopa makato ya mshahara, anaficha kipande kwenye mkoba. Akishazoea kuficha kibovu, kesho anabeba kizima. Nipe mwezi mmoja. Kila asubuhi tusimame kwenye meza ya kukatia, kila mtu aseme kosa lake la jana, na asikatwe kitu."

"Mwezi," bosi akasema. "Kikipotea hata kipande, walinzi wanaingia, wewe unatoka."

Basi weee! Wiki ya kwanza alisema yeye peke yake. Ya pili mkataji, mzee asiyecheka na mtu, akakohoa: "Nimeharibu mikono sita ya mashati." Makofi! Tangu hapo watu wakawa wanagombania zamu ya kusema.

Siku ya mwisho wakapima stoo nzima. Jora moja la kitambaa cha bluu limepungua mita kumi! Na bosi huyo mlangoni, mikono kifuani, kama alivyosimama mwezi mzima bila kuisogelea meza.

Macho yote kwa mkataji. Bi Futi angenyamaza tu, lawama zingemwangukia yule mzee.

"Ni mimi," akasema. "Siku majora yanaletwa, binti yangu alikuwa anajifungua. Simu sikioni, nikasaini bila kupima. Labda lilikuja pungufu. Mjukuu wa kwanza, jamani, sikuona kingine!"

Hakuna aliyecheka. Bosi akashusha mikono, akaja hadi mezani kwa mara ya kwanza.

"Lilikuja kamili," akasema, uso umemshuka. "Nilikata mimi, Jumapili, nyinyi hampo. Mapazia ya mama mkwe. Sikuandika."

Loo! Karakana nzima ikalipuka. Vigelegele, meza zinapigwa, mkataji anacheka hadi machozi yanamtoka. Bi Futi akamsukumia bosi daftari la stoo na kalamu.

"Andika, baba," akamwambia. "Aliyesema mwenyewe hakatwi kitu."