Picha Nane za Korongo

Peres Obuya hakuwa amewahi kuiona bahari, lakini katika jengo zima la Westlands hakuna aliyeijua pwani ile kama yeye. Kila asubuhi alipangusa vumbi kwenye picha nane za zamani, nyeusi na nyeupe, zilizotundikwa ukumbini mwa kampuni ya kuuza ploti alikofagia na kupika chai. Zote zilikuwa za mahali pamoja: korongo refu lililoshuka kati ya vilima viwili hadi ufuoni, na nyumba za mbao zimejipanga mdomoni mwake. Peres alizifahamu kama alivyowafahamu majirani zake wa Mutuini. Nyumba ya tatu ilikuwa na mama mnene akianika nguo. Ya tano ilikuwa na mbwa aliyelala kwenye ngazi.

Mkurugenzi, Bwana Njuguna, alizipata kwenye mnada wa vyombo vya mzungu mmoja wa Kilimani aliyekuwa akirudi kwao. Zilipigwa nchi gani, hakuuliza. Mwanzoni aliwaambia wageni kuwa ni pwani tu. Mwezi wa pili ikawa pwani yetu. Kufikia Krismasi ya 2005, babu yake mwenyewe alikuwa amejenga mbili kati ya nyumba zile, ingawa Dagoretti nzima ilimjua babu huyo kuwa mkulima wa viazi aliyeogopa hata kuvuka mto.

Ndipo zikaanza kuuzwa ploti za korongo. Kampuni ilikuwa imepata korongo lake huko pwani, ikaikatakata sakafu yake vipande, na kila mnunuzi akaahidiwa nyumba kama zile za ukutani.

Jumamosi moja ya Februari wakaja kina mama wa chama cha kanisa kutoka Mutuini, wakiongozwa na Mama Njambi, mwalimu mstaafu. Walifuatana na Mzee Gichuru, mwenye nyumba aliyopanga Peres. Njuguna akawapitisha picha hadi picha, kijiti mkononi.

"Mnaona? Watu wamekaa hapa tangu zamani. Historia haidanganyi."

Peres alikuwa akigawa chai. Alipomfikia Mama Njambi, akamwinamia. "Mwalimu, hebu hesabu nyumba kwa picha ya sita. Halafu uhesabu kwa ya nane."

Mama Njambi akavaa miwani, akaenda kuhesabu kwa kidole. Picha ya sita, nyumba kumi na moja. Ya nane, vilima vilevile, ufuo uleule, nyumba nne. Palipokuwa na zile nyingine palikuwa na matope, na gogo kubwa limelala juu ya kilichobaki cha sebule ya mtu.

"Bwana Njuguna," akauliza kwa upole, "hawa saba walihamia wapi?"

Njuguna akaikodolea macho picha ile. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuitazama.

"Hapo walikuwa wanapanua," akasema.

"Wanapanua nini?"

"Nafasi ya kuegesha magari."

Mama Njambi akamaliza chai yake, akashukuru, akaondoka na wenzake. Gichuru peke yake akabaki. "Wanawake wakiogopa ploti, bei inashuka," akasema, akatia sahihi ya mbili.

Jumatatu picha ya nane haikuwepo ukutani, na Peres hakuwa na kazi. Barua ilisema hana maono ya kampuni. Aliisoma mara mbili, akacheka, kisha akalia kidogo, maana kazi ni kazi. Mama Njambi aliposikia, akampa kazi ya kupika kwenye mikutano ya chama, na kufikia Agosti Peres alikuwa na kibanda chake cha chai na mandazi karibu na kanisa.

Novemba mvua ikamwagika nchi nzima. Gichuru akasafiri kwenda kuzikagua ploti zake, akarudi siku ya tatu, viatu vimejaa matope. Jioni akaja kibandani, akaketi.

"Peres, kwa nini hukuniambia?"

"Mzee, nilimwambia Mwalimu. Yeye akauliza mbele yako."

Gichuru akakoroga chai. "Basi sasa mimi ndiye nauza. Wewe unajua kuwaeleza watu. Ukisikia mtu anatafuta mahali pa kufuga samaki, mlete kwangu."

Peres akamwongezea sukari, akamwambia atauliza.