Siku Niliyojimwagia Marashi Yote ya Maulidi

Jamani, niacheni nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka nyie, maana haya nnayowasimulia mpaka leo nikiyakumbuka natafuta pa kuficha uso, na ndevu zote hizi nyeupe.

Mnajua nilipasuliwa tezi dume Dar. Upasuaji ulikwenda salama, alhamdulillahi, mpira wa mkojo ukatolewa, nikarudi nyumbani Mohoro, ila sikumbuki kuambiwa (au niliambiwa nikajifanya sisikii) kwamba mkojo utakuwa unatoka wenyewe. Nikikohoa, umo. Nikiinuka kitini, umo. Muuguzi mmoja huko Kibiti, binti wa rika la mjukuu wangu, akanifundisha: "Babu, bana kule chini kama mtu anayezuia mkojo, tulia hivyo kidogo, achia, rudia. Kila siku, usichoke, inachukua miezi. Na kahawa punguza." Akanipa na pedi za kuvaa. Mie nikaitikia vizuri, kufika nyumbani sikubana chochote, ati mtu mzima nibanebane nini.

Basi nikajifungia uani. Na kilichoniumiza si mkojo, ni dufu. Tangu ujana mie na Kombo tunakaa bega kwa bega kwenye maulidi, yeye anaanza kasida, mie napokea. Tena Kombo mwenyewe alikuwa kaniudhi, kabla hata sijaugua aliondoka bila kuaga, eti kaenda Mafia kwenye biashara ya samaki, mwaka mzima hata simu hapokei, kisha karudi kimya kama hakuna kitu. Nikamnunia. Lakini jamani, nilivyokuwa na hamu naye! Dufu likilia mtaa wa pili, vidole vyangu vinajipigia gotini, na mie nimekalia kipande cha nailoni, machozi yananilengalenga.

Siku jirani aliposoma maulidi baada ya alasiri, uzalendo ukanishinda. Nikatawadha, nikavaa kanzu nyeupe, halafu nikaivua pedi. Nikasema, mtu atamsomeaje Mtume na najisi kajifunga nayo? (Sikuwaza kwamba bila pedi hiyo najisi itakosa hata pa kukaa.)

"Baba Zuhura, umejiweka sawa?" mke wangu akaniuliza.

"Sawasawa kabisa."

Nikapokewa, weee! Kombo akanisogezea nafasi yangu ileile, akanipa dufu, na kununa kwangu kukaishia hapo. Ikapita kahawa ya tangawizi, nikanywa. Ikapita tena, nikanywa tena. Nikapiga dufu mpaka kiganja kikawaka moto, nikaona sasa nimerudi kwa watu wangu. Ikafika kisimamo, wote wanainuka kumsalia Mtume, na mie nikainuka kwa mkupuo, mkojo nao ukaja kwa mkupuo. Kanzu ikanigandia mapajani, mkeka mpya wa watu umelowa, na mgawa marashi ndiye huyo anaingia safu yetu na mrashi wake, ananyunyizia mmoja mmoja.

Nikampokonya. Nikafungua kifuniko, nikajimwagia yote kuanzia kifuani mpaka chini, huku nasalia kwa sauti kuwashinda wote. Watu wakadhani nimezidiwa na mapenzi ya Mtume! Akina mama kule nyuma wakapiga vigelegele, wanaume wakanyoosha mikono waiguse kanzu yangu wapate baraka. Nikapiga kelele, "Msiniguse jamani, msiniguse!" Lo, ndiyo wakazidi kuamini. Nikachomoka mbio, kandambili nikaziacha mlangoni.

Kombo akanifuata mpaka uani kwangu, kandambili zangu mkononi. Nikamgeuzia mgongo.

"Shabani, pedi umeivua ya nini?"

Nikamgeukia. "Nani kakwambia habari za pedi?"

"Kwani weye uliamini nilikwenda Mafia?"

Akaketi chini akanieleza: alipoiona kanzu imenigandia alijua papo hapo, maana na yeye yalimkuta. Mwaka ule wote alikuwa Kibiti kwa binti yake, kapasuliwa kama mie, anavuja kama mie, anaona haya nisije nikajua. Huko akawa anabana kila siku mpaka mkojo ukakata. Na shehe alimwambia mwenye udhuru anatawadha kila wakati wa swala ukiingia, anavaa pedi yake, anaswali, hana kosa.

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza.

"Na weye mbona hukuniambia?"

Mkeka niliuosha, kanzu niliifua, hayo yameisha. Kinachonichoma ni ule mwaka, kwamba nilikuwa nikimlaani rafiki yangu naye kajificha peke yake, akinikumbuka kama nilivyokuwa nikimkumbuka.

Siku hizi kila alasiri anakuja kibarazani na dufu lake. Akisema "bana" nabana, akisema "achia" naachia, wapita njia wanadhani tunajifunza kasida mpya. Bado mkojo unanitoka kidogo nikicheka, na Kombo anajua, ndiyo maana ananichekesha makusudi. Pedi siivui tena mpaka ukate wenyewe, na habari ya kuvuja simfichi tena Kombo. Ila akianza zile kasida zetu za zamani nachelewa kupokea, nawaza mara ngapi aliziimba Kibiti bila mtu wa kumpokea. Yeye haulizi. Anaurudia mstari, anaurudia tena, mpaka nipokee.