Visigino Thelathini vya Ernesta

Haya ninayoyaandika hamtayaamini, na siwalaumu. Ningekuwa mimi ndiye ninayesimuliwa, ningenyanyuka nikaenda zangu kuangalia mbuzi. Lakini ni hivi: hapa kwetu Kibimba, penye migomba na maharage, kuna mwanamke anayeingiza mguu wako ndani ya sanduku na kukwambia kama mfupa wako utakufikisha uzeeni au utakuangusha njiani. Na ana cheti. Kimetiwa saini na watu wa ng'ambo, kiko ukutani ndani ya kioo, na jina lake, Ernesta, limeandikwa kwa herufi zenye mikia kama mijusi. Kuanzia Rulenge mpaka Biharamulo hakuna mwingine mwenye nacho.

Ernesta ni mtoto wa dada yangu Leonsia. Mimi ni mjomba wake, Juvenali, na mwenye macho ataona akili ya mtoto imetoka upande gani. Jambo moja tu: kile cheti huwa nakitazama juu, kwenye jina, sishuki mpaka chini kwenye tarehe. Kimeandikwa mwaka elfu mbili na nne. Kilistahili kuandikwa elfu mbili na tatu. Huo mwaka mmoja niliula mimi.

Alianza kwa kufagia chumba cha eksirei katika hospitali moja ya misheni, akiwa na miaka kumi na tisa. Akimaliza kufagia, anainua zile picha nyeusi dirishani na kumsumbua fundi mzee kwa maswali, mpaka mzee akachoka akaona heri apelekwe chuoni akawasumbue wengine. Akarudi baada ya miaka miwili, koti jeupe, kalamu tatu mfukoni.

Mwaka aliorudi ndio mama yake alianguka. Mnakumbuka miaka ile ya wakimbizi jinsi miti ilivyokwisha. Umati ule wote ulikuwa unapika, na vilima vikabaki vipara kama kichwa changu. Mwanamke aliyezoea kuokota kuni nyuma ya nyumba sasa anatembea nusu siku. Leonsia aliteleza na mzigo kichwani, nyonga ikavunjika, na tangu hapo anatembea na fimbo. Ernesta alipiga picha ya mama yake kwa mikono yake mwenyewe. Akanionyesha.

"Mjomba, tazama hapa. Mfupa huu uliisha zamani, kama nguzo iliyoingiwa na mchwa. Hakuna aliyeuangalia kabla."

"Nani anaangalia mfupa ungali ndani ya mtu?" nikamwambia.

"Mimi nitaangalia."

Ndipo shirika moja la wageni lililokuwa likihudumia kambi likaleta mashine ya kupima uimara wa mifupa. Ndogo tu. Unakaa kitini, kisigino kinapakwa mafuta mazito ya baridi, unaingiza mguu, namba inatokea. Wakasema wazi: mashine itabaki hospitalini kama kuna mtu mwenye cheti cha kuitumia. Asipokuwapo, inafungiwa ndani ya sanduku lake. Ernesta akajiandikisha mtihani.

Maandishi alishinda. Ikabaki sehemu ya mikono, nayo ilikuwa na utaratibu wa ajabu: apime watu thelathini, kila mmoja mara mbili. Mtu anapimwa, anatoa mguu, anafutwa, anatembea kidogo, anarudi kupimwa tena mguu uleule. Namba mbili zikiachana sana, mkono wako haujatulia. Na ili asikumbuke nani alipata ngapi, mtahini aliweka pazia. Ernesta ndani, watu nje, mguu ndio unaopita chini ya pazia. Mtahini huyo, Mama Benedicta kutoka Mwanza, alikaa ndani na Ernesta akitazama mikono yake. Nje alitakiwa mtu wa kuleta watu na kuandika majina na umri kwenye daftari.

Nani mwingine? Mimi nilikuwa msimamizi wa foleni ya mgao kambini! Nimepanga watu elfu sita kwa filimbi moja. Nikamwambia Ernesta, "Thelathini? Nitakuletea hao kabla chai haijapoa."

Asubuhi ya siku yenyewe nilikuwa na ishirini na saba, kila mmoja nimemwahidi kipande cha sabuni. Watatu waliobaki walikuwa wa nyumba ya Bulugu, yule Msukuma wa ng'ombe: wake zake wawili na mama yake. Aliniapia watakuja. Alfajiri ikapiga mvua ya kwanza, na Msukuma na mvua ya kwanza mnawajua. Nyumba nzima shambani na majembe.

Ningeingia ndani nikasema, "Mama, wamepungua watatu." Ni maneno matatu. Mama Benedicta angesubiri mpaka kesho. Alikuwa na siku nzima ya akiba, nilikuja kujua baadaye. Lakini mimi nilishajisifu, na mdomo uliojisifu hauombi radhi upesi.

Tena nilikuwa na ujuzi wa foleni. Kambini niliona kila kitu. Mama anapita na kadi yake, anachukua mahindi, anazunguka nyuma ya lori, anabadili kilemba, anaazima mtoto, anarudi na kadi ya marehemu shangazi. Na sisi wenyeji tulikuwamo vilevile. Kihangaza chetu na Kirundi cha wakimbizi ni kama mtu na mdogo wake, kwa hiyo siku za mgao mimi mwenyewe nilipata kuwa Mrundi mara kadhaa. Hatukuiona dhambi. Watu walihesabiwa, na hesabu haikuwa na uso.

Basi nikamshika mkono Kezia, jirani yetu, aliyekuwa ameshapimwa na anaondoka.

"Rudi benchini."

"Nimeshapimwa, Juvenali."

"Aliyepimwa ni Kezia. Wewe sasa ni Esperansia, miaka hamsini na tisa."

"Hamsini na tisa! Unanizeesha mbele za watu?"

"Geuza kilemba, mama. Kuna kipande cha pili cha sabuni."

"Mradi usimwambie mume wangu huo umri," akasema, akakaa. Nikawageuza na wengine wawili. Nikaandika majina mapya kwa mwandiko wangu mzuri, ule ambao mwalimu wa darasa la nne aliusifu. Mguu ni mguu, nilijiambia.

Mguu si mguu. Mama Benedicta alichukua karatasi kwenda nazo Biharamulo, alikofikia, akazikagua. Akaona namba ya ishirini na nane, ya ishirini na tisa na ya thelathini zimefanana na za watu watatu wa mwanzo, karibu sawasawa, wakati majina na umri ni tofauti. Akahitimisha alichokiona: huyu binti alichoka, akanakili namba za juu, akazigusagusa kidogo zisifanane mno. Barua ikaja. Ajieleze ndani ya siku saba, la sivyo jina lake litapelekwa mbele kama mghushi, na hatafanya tena mtihani huo maisha yake.

Ernesta hakulia. Ingekuwa nafuu. Alikaa na nakala zake mezani kwa mama yake akizipitia kwa kidole, mstari kwa mstari. Akaamini kosa ni lake. Alikwenda akapima kisigino chake mwenyewe mara arobaini, akidhani mashine inarudia namba, kisha akadhani mikono yake inavuta namba pale inapozoea. Mtu ambaye sijamsikia hata mara moja akisema "kama kilo mbili hivi" alianza kujishuku vidole.

Na mimi nilikuwa palepale, nakula ndizi zake na maharage.

Akaniuliza. Naiandika hii ili ijulikane aliniuliza, kwa heshima, bila kunishuku.

"Mjomba, samahani. Pale nje hakuna aliyepita mara mbili?"

"Kwangu mimi?" nikamwambia. "Mimi niliyepanga watu elfu sita?"

"Nisamehe, mjomba. Nilikuwa nauliza tu."

Akaniomba msamaha. Akainuka akanimiminia chai.

Mwisho wake mnaujua, cheti kiko ukutani. Mama Benedicta alipopata ukweli alilifuta neno la kughushi. Akasema hata, mbele yangu, kwamba binti aliyepima mguu mmoja kwa majina mawili bila kujua, akapata namba zilezile, mkono wake umetulia kuliko wa wengi aliowatahini. Nikatabasamu, nikitaka kusema mnaona, nimesaidia. Ernesta akanitazama, nikafunga mdomo. Daftari lilikuwa la uongo, kwa hiyo karatasi zote thelathini zilitupwa, na Mama Benedicta asingerudi mpaka mwaka uliofuata. Mashine ikafungiwa kwenye sanduku lake.

Kwenye zile karatasi zilizotupwa namba ya Kezia ilikuwa ya chini kupita zote. Ernesta aliijua, ila bila cheti hakuruhusiwa kumpa mtu majibu, na yeye haruki utaratibu. Alimwambia tu awe mwangalifu, asibebe mizigo mikubwa. Mwezi wa nne Kezia aliteleza na ndoo, mkono ukavunjika juu ya kiganja. Huenda ungevunjika tu. Ernesta mwenyewe ndiye anayesema hivyo, huenda, na neno hilo si lake, huliazima kwa ajili yangu. Kila nikimwona Kezia anakamua nguo kwa mkono mmoja na nusu napita njia ya juu.

Lakini asiseme mtu kwamba nilijificha! Siku ileile aliponimiminia chai, kabla kikombe hakijapoa, nilisimama kiume nikamwambia, "Mwanangu, kosa ni la mjomba wako," kisha nikashika njia ya Biharamulo peke yangu, kwa miguu, nikiwa na ...

"Mjomba."

Yuko nyuma yangu. Amekuja na miwani yake, anasoma kila mstari.

"Siku ileile?"

"Kesho yake, basi."

"Ilikuwa siku ya sita. Na hukuja wewe. Alikuja Kezia kuuliza majibu, akataka kujua achukue ya Kezia au ya Esperansia. Mimi ndiye niliyekufuata shambani."

"Lakini Biharamulo nilikwenda."

"Tulikwenda. Kwa basi. Andika hivyo."

Naandika. Siku ya sita, baada ya Kezia, tulikwenda Biharamulo kwa basi, mimi nimeinamisha kichwa njia nzima, sikula wala sikunywa, na mvua ilikuwa inapiga vioo kama mawe ya ...

"Mjomba, mvua gani tena?"